Mchumba wa Berega Ambaye Hakuwepo

Wapendwa, tangu nirudi Mikumi simu yangu haipumziki. Kila mmoja wenu anataka kusikia kutoka kwangu mwenyewe, na kila nikimsimulia mmoja, mwingine anapata habari nusu na kuongeza chumvi yake. Juzi mtu kanipigia kutoka Ifakara kunipa pole kwa kukataliwa na wakwe! Basi naandika mara moja tu, msome wote, kisha mniache nizibe pancha zangu.

Kwanza jambo lenyewe. Nilikuwa na ngiri. Ilianza miaka minne iliyopita, siku nilipoinua tairi la lori peke yangu kwa ubishi tu, nikasikia kitu kimeachia kwenye kinena upande wa kulia. Tangu hapo uvimbe ulikuwa ukitoka mchana na kurudi ndani nikilala. Sikumwambia mtu. Mimi ni mzee wa kanisa, nimefiwa na mke, na ndimi ninayeshika mikono ya wenzangu wakilia. Nitaanzia wapi kuwaeleza akina mama habari za kinena?

Mnajua ibada yetu ya nyumba kwa nyumba, Ijumaa jioni. Kabla ya kuomba kila mtu anataja hitaji lake. Mmoja ana mtoto anayeumwa, mwingine shamba limeingiliwa na ng'ombe. Ikifika zamu yangu nilikuwa nasema, "Naombeni mniombee hitaji langu, ninalolijua mimi na Mungu." Kwetu ukisema hivyo huulizwi tena. Watu wanaitikia, wanafumba macho, wanaomba, chai inanywewa. Nilijificha nyuma ya maneno hayo miaka yote minne.

Ila mtu asiyeuliza hajaacha kufikiri. Wenzangu waliona nimeshona suruali mpya pana. Waliona mashati marefu yanayofika mapajani. Waliona nawaachia vijana matairi, na kwamba mara mbili nimesafiri kwenda Berega nikiwa nimenyoa ndevu. Wakajumlisha.

Berega niliichagua kwa sababu moja tu, kwamba hakuna anayenijua huko. Daktari wa hospitali ya misheni alinipangia kufanyiwa upasuaji Jumanne, akaniambia nije na mtu wa kuniuguza. Nikamdanganya kwamba kaka yangu atakuja. Kaka yangu yuko Tunduma na hakuwa na habari yoyote. Kisha daktari akaniangalia usoni akasema, "Mzee Yona, nisikilize. Siku ikitoka ikagoma kurudi, ikauma, ukaanza kutapika, usiseme kesho. Utumbo ukibanwa unakufa, na wewe unaufuata."

Stendi ya Mikumi

Jumatatu asubuhi nilifika stendi na begi dogo lenye shuka na sabuni. Nikakuta watu wanane wa ibada yetu wamesimama kando ya basi la Kilosa wanaimba. Nilidhani wanamsindikiza mtu mwingine.

Mbele alikuwa Elia. Kwa wasiomjua, Elia ni mkulima wa miwa wa Ruhembe, rafiki yangu wa miaka ishirini na miwili, ndiye aliyeshika upande wa kichwa tulipombeba mke wangu kwenda makaburini. Kando yake Mama Tabitha, mwenyekiti wetu, kavaa kitenge cha sikukuu. Chini palikuwa na gunia la mchele la kilo thelathini na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu.

"Hatukuruhusu uende ukweni mikono mitupu," Mama Tabitha akasema.

"Ukweni wapi, mama?"

"Yona, sisi si watoto. Jina lake hatukuulizi. Ukiwa tayari utatuambia. Ila Mungu kajibu, na sisi tunashukuru."

Wapendwa, hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo. Wakaanza ubeti mwingine, akina mama wakapiga vigelegele, kondakta naye akacheka na kuniita bwana harusi. Nikaona nikisema "hakuna mwanamke," swali la pili litakuwa "sasa Berega unaenda kufanya nini?" Nikafunga mdomo. Na niseme ukweli, sehemu fulani ya moyo wangu ilifurahi. Ni vizuri kuimbiwa.

"Asanteni," nikasema.

Elia aliinua gunia ili aniwekee begani. Niliruka pembeni kama nimeona nyoka.

"Weka kwenye gari! Weka kwenye gari!"

"Hataki kuchafua shati," Elia akawaambia wenzake, na wote wakacheka. Akalipakia mwenyewe. Basi lilipoanza kuondoka bado walikuwa wanaimba, na mimi nilikuwa nimekaa na jogoo miguuni na uongo ambao sikuusema hata kwa neno moja.

Mikumi hadi Ulaya

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Kabla ya kufika kijiji cha Ulaya basi lilizama kwenye tope hadi nusu ya magurudumu.

"Wanaume wote chini, tusukume!" kondakta akaita.

Walishuka. Ndani tukabaki wanawake, watoto, mzee mmoja asiyeona, na mimi. Mama mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akageuka kuniangalia tangu viatu hadi kofia.

"Baba, na wewe una mimba?"

Gari zima likacheka, hata yule mzee asiyeona.

"Nina mgongo," nikajibu.

"Kila mtu ana mgongo, baba."

Nilishuka kwa aibu. Niliweka viganja kwenye bodi la gari nikajifanya nasukuma, nikakunja uso na kuguna kama wenzangu, lakini nguvu sikutia hata kidogo. Kijana aliyekuwa kando yangu alinitazama mikono. Nilimwona ameona.

Tulikaa pale kwa muda wa saa tatu hivi. Wanakijiji walipita na baiskeli zao wakielekea mnadani, wakatuuzia mihogo ya kuchemsha. Nilikula vipande viwili. Ningejua yatakayofuata nisingekula kitu. Basi lilipochomoka tulipanda tena, na kwa kule kuteleza tu kwenye tope uvimbe ulikuwa umetoka. Nilienda kiti cha nyuma kabisa, nikajilaza nikijifanya nimelala, nikausukuma taratibu kwa kiganja hadi ukarudi. Nilimshukuru Mungu. Nikahesabu kwamba hatari imepita.

Kilosa

Tuliingia Kilosa saa saba mchana badala ya saa nne. Gari la Dumila lilikuwa limewasha injini upande wa pili wa stendi, na kondakta wetu alikuwa ameshalitupa gunia langu chini kwenye matope.

Nilitafuta kijana wa toroli, sikumwona. Mvua ilikuwa imewafukuza wote. Dereva wa Dumila akapiga honi.

Ningeweza kuliacha. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuliacha. Nilikuwa namwona Mama Tabitha akipepeta mchele ule, na Elia akishona mdomo wa gunia kwa sindano. Nikainama, nikaliinua.

Hatua ya tano nilisikia kitu kinashuka, na mara hii hakikushuka polepole. Nilifika kwenye gari, nikalibwaga gunia, nikamwomba dereva anisubiri kidogo, nikarudi mbio mbio chooni. Nilisukuma. Nilijilaza kwenye benchi nyuma ya kibanda cha chai, magoti juu, nikasukuma tena. Kilikuwa kigumu kama limau bichi na kiliuma nikikigusa.

Dereva wa bodaboda alikuja. "Shikamoo mzee. Mbona unaumwa? Nikukimbize hospitali, hapo tu."

"Marahaba. Siumwi mwanangu, ni uchovu wa safari."

Hospitali ya Kilosa ilikuwa karibu kiasi hicho. Lakini shemeji zangu wanaishi Kilosa, wanakwaya wanaishi Kilosa, na nikaona jioni ile ile habari ya kinena cha Yona itakuwa imefika Mikumi. Nikajiambia Berega si mbali. Nikapanda gari la Dumila. Nimefanya mambo mengi ya kijinga maishani, lakini sijui kama kuna linaloshinda hilo.

Kilosa hadi Dumila

Barabara hii ni ya lami, na kila tuta nililihesabu kwa meno.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo aliyevaa hijabu nyeusi, mfanyabiashara wa vitunguu. Alijitambulisha mwenyewe, Mama Zainabu wa Rudewa. Alifungua chombo chake akanikatia chapati. Nilikataa. Alinisihi. Harufu yake tu ilitosha, nikavua kofia yangu upesi, nikatapikia ndani.

Mama Zainabu hakusogea. Alinitazama.

"Kaka, una nini?"

"Safari tu, dada."

"Mimi nasafiri kila wiki. Safari haimtoi mtu jasho namna hiyo."

Niligeukia dirishani. Maneno ya daktari yalikuwa yakirudi moja moja. Ikigoma kurudi. Ikiuma. Ukitapika. Yote matatu nilikuwa nayo. Niliogopa, wapendwa. Sikuogopa kidogo.

Nikaanza kuomba. Na mnajua nilisema nini? "Bwana, nikumbuke katika hitaji langu, ninalolijua mimi na wewe." Nikayasikia maneno yangu mwenyewe. Miaka minne nilikuwa nikimwomba Mungu kwa mafumbo! Aliyeniumba mwili wote, nilikuwa namwonea haya kumtajia sehemu yake moja. Nikafumba macho nikasema kwa sauti ya chini, "Mungu, ni ngiri. Imetoka. Nitakufa." Hakukutokea muujiza wowote. Uvimbe uliendelea kuuma vile vile. Lakini nilikuwa nimeshalisema neno lenyewe mara moja kwa mdomo wangu.

Simu ikaita. Alikuwa Elia.

"Bwana Yona! Umefika? Wakwe wamekupokea vizuri?" Nyuma yake nikasikia sauti za watu. "Tuko hapa kwa Mama Tabitha. Tumefunga tangu asubuhi kwa ajili yako, hakuna aliyetia hata maji mdomoni. Tunasubiri habari njema tufungue."

Wamefunga. Mama Tabitha ana kisukari, na kafunga.

"Elia," nikasema, "hakuna mwanamke."

"Wamekataa?"

"Hakuna mwanamke, hajawahi kuwepo. Nina ngiri, Elia. Ninayo miaka minne. Nilikuwa naenda kupasuliwa. Sasa imetoka, imenasa, natapika, na niko peke yangu."

Nilisema kwa sauti. Gari zima lilisikia. Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Kisha Elia akasema, taratibu kabisa, "Kando yako kuna nani?"

"Mama mmoja."

"Mpe simu."

Njia ya Berega

Nilichosikia ni upande mmoja tu wa mazungumzo. Mama Zainabu alisema, "Ndiyo. Ndiyo. Nimemwona. Hapana, hawezi kutembea." Kisha akasikiliza, akasema, "Sawa kaka, nimepokea." Baadaye alinieleza kwamba Elia alimwambia, "Mama, huyo ni ndugu yangu, sina mwingine huko wa kumkabidhi ila wewe."

Dumila Mama Zainabu alikuwa anasubiriwa na pikapu ya kwenda kuchukua vitunguu Gairo. Dereva alipoambiwa ageuzie Berega alikataa.

"Mama, tukichelewa mzigo utachukuliwa na wengine."

"Uchukuliwe. Shuka unisaidie kumpandisha huyu."

Walinilaza nyuma juu ya magunia matupu, mchele na jogoo vikatupwa pembeni yangu. Mama Zainabu hakukaa mbele. Alikaa nyuma nami kwenye manyunyu, akakilaza kichwa changu mapajani mwake, akanifunika uso kwa mtandio. Tulipoacha lami kwenye njia panda ya Berega, njia ikawa mawe na mifereji, na kila gurudumu likiruka nilipiga kelele kama mtoto. Sikuona haya tena. Nilikuwa nimeishiwa.

Elia alipiga simu kila baada ya dakika chache. Mama Zainabu alikuwa anaiweka sikioni mwangu, nami nasikia watu wanaomba kule Mikumi. Mara hii hakuna aliyesema habari za hitaji la siri. "Bwana, utumbo wake," Mama Tabitha alikuwa analia kwa sauti kubwa, "utazame utumbo wake, Bwana!" Kisha mtandao ukakatika kwenye kilima, tukabaki na mlio wa injini. Nilimwuliza Mama Zainabu kama bado ni mchana, maana nilikuwa naona giza.

"Ni mchana," akasema. "Fumbua macho. Usilale. Nisimulie habari za mke wako."

Nikamsimulia. Sikumbuki nilisema nini.

Hospitalini muuguzi alitoka na kitanda cha magurudumu akauliza, "Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

"Mimi," Mama Zainabu akajibu. "Dada yake."

Muuguzi alisoma jina langu kwenye kadi, akaitazama hijabu, akanitazama mimi.

"Baba mmoja?"

"Baba mmoja," Mama Zainabu akasema bila kupepesa.

"Haya dada. Pokea nguo zake."

Jua lilikuwa bado halijazama waliponiingiza chumba cha upasuaji.

Wodini

Daktari alikuja asubuhi. Alisema utumbo ulikuwa umeanza kubadilika rangi, lakini ulipoachiliwa damu ikarudi, haukuhitaji kukatwa. Nikamwuliza ningechelewa zaidi ingekuwaje. Akasema tusizungumze hilo, ninywe uji.

Mama Zainabu alilala usiku ule kwenye mkeka chini ya kitanda changu na mzigo wake wa Gairo ulichukuliwa na wengine, kama dereva alivyosema. Nilimwambia nitamwombea. Akasema, "Na mimi nitakuombea, kwa hiyo tuko sawa." Aliondoka Elia alipofika, baada ya kumwelekeza nimekula nini na nimekojoa mara ngapi.

Elia na Mama Tabitha walizungukia Morogoro kwa sababu njia ya Ulaya ilikuwa imefungwa, wakafika Jumanne mchana wakiwa wamevimba macho. Mama Tabitha alilia kwanza, akagomba baadaye.

"Watu wanane tumefunga siku nzima kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo!"

"Mama, usinichekeshe, mshono."

"Sikuchekeshi! Na mchele ule nimeuchambua mwenyewe, siku mbili, kumbe nakuandalia wewe jeneza?" Akatoka nje kulia tena.

Elia alibaki nami. Aliniletea chombo cha kukojolea, akanigeuza ubavu, akanishikia, akamwaga, akarudi. Alininawisha. Alibadilisha shuka. Kazi zote nilizokimbia miaka minne ili mtu asizione, alizifanya kwa nusu saa, uso umekunjwa. Alipomaliza akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Miaka ishirini na miwili," akasema. "Mwanangu alipofukuzwa shule ulijua. Miwa yangu ilipoungua ulijua. Nimelia mbele yako kama mwanamke. Wewe ukawa unanisikiliza tu, unanipigapiga begani. Nilidhani huna shida. Nilikuwa nakuonea wivu, Yona. Nilikuwa nakwenda nyumbani nikijiona mimi ndiye mwenye imani ndogo."

Nilitaka kumwambia nisamehe. Nilimwambia.

"Ulininyima," akasema. "Hilo ndilo linaloniuma. Siyo kwamba ulidanganya. Ulininyima nafasi yangu."

Nililia, wapendwa. Mshono uliuma na nililia tu. Kwa muda wote ule nilidhani nawapunguzia wenzangu mzigo kwa kutowaambia wangu, kumbe nilikuwa nimejiweka juu yao kwenye kiti ambacho Mungu hakunipa.

Mchana ule wagonjwa wengine walikuwa wamelala. Elia alitazama mlango, akatazama chini, akasugua viganja vyake vilivyopasuka kwa miwa.

"Kuna jambo," akasema. "Sijalisema kwa mtu. Hata mke wangu hajui."

Akaniambia.

Mmeniomba niwaeleze yote yaliyotokea, nami nimewaeleza hadi habari za kinena changu. Hilo la Elia halimo. Mkitaka kulijua, kaeni naye hadi akubali kuwaambia mwenyewe. Mimi nilimwomba asogee, maana sikuweza kuinuka, nikamshika mikono yote miwili, nikafumba macho nimwombee kama nilivyomwombea kila Ijumaa kwa miaka ishirini na miwili, na ilikuwa mara ya kwanza kujua ninaomba nini.